Karatasi Iliyotoka Bila Kusomwa

Karatasi haitoki wodini mpaka mwenyewe aisikie. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea muuguzi mmoja wa wodi ya wanaume, na aliishika kwa miaka kumi na saba. Hakuna mkubwa aliyemwagiza. Mwongozo wa hospitali ulitaka tu kwamba mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani apewe fomu ya kuruhusiwa, iliyojazwa na kutiwa saini. Apewe, basi. Mwongozo haukusema aielewe, na wengi wetu kazi ikitudai kidogo hatuna haja ya kuongeza.

Wagonjwa walimwita Sista Rudia, kwa sababu ya neno alilolipenda. Alikuwa anakuja kitandani na vitu vitatu: fomu ya kuruhusiwa, mfuko wa dawa, na kadi ya dawa iliyoning'inia miguuni mwa kitanda. Anavitandaza vyote juu ya shuka. Anaweka kidole kimoja kwenye fomu na kingine kwenye kadi, anasoma kwa sauti, halafu anamwambia mgonjwa, "Rudia." Asiporudia sawasawa, anasomewa upya. Nakala ya njano, ile inayokwenda zahanati ya karibu na nyumbani kwake, haichanwi kwenye kitabu mpaka amalize.

Chanzo cha sheria yenyewe kilikuwa kichekesho. Akiwa na mwaka wa pili kazini, alimkabidhi mzee mmoja fomu na kichupa cha dawa ya matone ya sikio. Baada ya wiki mzee akarudi akilalamika kwamba dawa ni chungu na sikio bado halisikii. Alikuwa anaitia kwenye kijiko na kuinywa, asubuhi na jioni. Wodi nzima ilicheka, na yeye akacheka nao. Kisha akaenda msalani akanawa uso, maana karatasi ile ilitoka mkononi mwake.

Nilimwona kazini kwa macho yangu nilipolazwa kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kitanda cha kwanza alikuwepo dereva wa lori, mtu wa kitambi na maneno.

"Haya, baba, kaa vizuri. Hiki kidonge cheupe ni cha nini?"

"Cha presha."

"Unakimeza lini?"

"Presha ikipanda."

"Utajuaje kama imepanda?"

"Mke wangu akianza kuongea."

Wodi ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Kila asubuhi. Akiongea, asipoongea. Rudia."

"Kila asubuhi, akiongea, asipoongea."

Hapo vidole vyake viwili vikasimama. Fomu ilisema vidonge viwili, kadi ilisema kimoja. Akakunja fomu na kutoka kumtafuta daktari.

"Sista, gari linanisubiri!" dereva akapiga kelele.

"Lisubiri. Ukifa litasubiri zaidi."

"Dereva," akasema mgonjwa wa upande wa pili, "hapo umekutana na kizuizi cha barabarani."

Alirudi baada ya nusu saa na fomu iliyorekebishwa. Kilikuwa kimoja. Kile cha pili kilipunguzwa siku mbili nyuma, na aliyejaza fomu hakuwa na habari.

Inafaa kueleza jinsi kosa la namna hii linavyozaliwa, maana halitokani na ubaya wa mtu. Daktari bingwa akipita asubuhi hutoa maagizo kwa mdomo. Dawa ikisimamishwa, muuguzi hupiga mstari kwenye kadi iliyo kitandani na daktari hutia saini kando yake. Fomu ya kuruhusiwa, kwa upande mwingine, hujazwa na daktari wa mafunzo akiwa ofisini mwisho wa korido, na anachokuwa nacho mezani ni faili. Kwenye faili ukurasa wa wazi kuliko yote ni ule wa siku ya kulazwa, wenye orodha ya dawa ambazo mgonjwa alikuja akizitumia. Kadi imebaki kitandani. Na kabla ya saa sita fomu tisa lazima ziwe tayari, kwa kuwa kuna watu tisa kwenye benchi la mapokezi wanasubiri vitanda. Mwaka mmoja Sista Rudia alihesabu: kati ya fomu mia tatu na kumi alizosoma, arobaini na nne zilipishana na kadi. Alimpelekea mkuu wa wodi hesabu hiyo. Mkuu akasema ni nzuri, akaitia kwenye droo.

Wenzake walimwona msumbufu. Yule aliyekuwa akifanya naye zamu moja, ambaye wote walimwita Mama Pacha, alikuwa akimwambia, "Dada, wewe ungefaa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Kila mtu arudie, kila mtu arudie. Siku moja watakuimbia."

"Waimbe. Mradi wajue maneno."

Nyumbani alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa mtu yuleyule mwenye sheria za aina nyingine. Aliolewa na fundi bomba, mtoto wa pekee wa fundi cherehani, na wote walikaa ua mmoja wenye milango miwili. Fundi cherehani alikuwa mpole na msafi wa mwenendo. Akitaka vipimo vya mteja wa kike, mkewe ndiye aliyeshika tepu, yeye akageukia ukuta na kuandika namba anazotajiwa. Mkwewe alipoajiriwa, alimshonea sare mbili za kazi, na vipimo vyake pia alivipokea huku ameutazama ukuta. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kifua wazi mbele ya mkwewe, na mkwewe hakuwahi kupita mbele yake bila kujitanda. Walipendana sana. Waliongea juu ya vitambaa, wajukuu, mvua, bei ya nyuzi. Mambo ya chini ya kiuno hayakutajwa, na wala haikuwahi kutokea haja ya kuyataja.

Haja ilipotokea, mzee aliificha. Miezi minne alikuwa akienda chooni mara kumi kwa siku, na kila akienda hapati anachokifuata. Hakumwambia mwanawe, kwa kuwa mwanawe angemwambia mkewe, na mkewe kazi yake ndiyo hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumbo lilipomvimba kama ngoma na akashindwa kusimama, ndipo mama mkwe alipogonga mlango wa pili.

Akalazwa wodi ya wanaume, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Wakamtia mpira wa mkojo. Madaktari wakakuta kwamba mkojo uliokaa muda mrefu bila njia umeziumiza figo. Mkuu wa wodi, kwa busara, akamwondoa Sista Rudia kwenye kitanda hicho. "Huyu atahudumiwa na Mama Pacha," akasema. "Wewe njoo umwamkie saa ya wageni kama mtoto wake." Alishukuru kwa moyo wote. Kwa siku nane alipita kitanda cha mkwewe akiwa ametazama mbele, na mzee naye kila alipomwona anakuja alivuta shuka mpaka kidevuni.

Siku ya tano daktari bingwa alisimama kwenye kitanda hicho akasema, "Kidonge chake cha sukari tukisimamishe. Figo hizi haziwezi kukitoa mwilini, kitajikusanya na kuishusha sukari kupita kiasi. Atapimwa zahanati kila wiki mpaka nitakapomwona tena." Mama Pacha akapiga mstari kwenye kadi. Daktari akatia saini. Daktari wa mafunzo, binti mwembamba mwenye bidii, asubuhi hiyo alikuwa chumba cha upasuaji na hakusikia.

Siku ya nane mzee aliruhusiwa. Mama Pacha aliitwa ghafla kupokea mgonjwa wa ajali, na fomu ya fundi cherehani ikawekwa juu ya meza ya wauguzi. Mkewe na mwanawe walikuwa wamesimama kando ya kitanda na mabegi. Sista Rudia akaichukua fomu, akachukua mfuko wa dawa, akaenda. Kadi ya dawa ilikuwa imening'inia mahali pake.

Mstari wa kwanza wa fomu ulihusu mpira wa mkojo: umeingizwa lini, unasafishwaje, utabadilishwa lini. Alifungua mdomo.

"Mwanangu," mzee akasema kwa sauti ya chini.

"Naam, baba."

"Hayo usinisomee."

"Baba, hapa kila mtu husomewa."

"Najua. Nimelala hapa siku nane, nimekusikia ukiwasomea wote. Yule wa pale najua mpaka choo chake." Mgonjwa aliyetajwa akakohoa. "Mimi nisitiri. Mbele ya mama yako, mbele ya vijana hawa, na wewe mwenyewe ndiye uyatamke? Nipe karatasi. Mwanao atanisomea mlango umefungwa."

"Mwanao" ndivyo mzee alivyomwita fundi bomba akiongea na mkwewe, kwa utani wa siku zote. Mumewe akainamisha kichwa.

Mama Pacha akapita na kitoroli. "Dada, nimsomee mimi? Dakika tano nakuja."

Hapa ndipo pa kusimama. Alikuwa na njia tatu. Angeweza kusoma. Angeweza kumsubiri Mama Pacha dakika tano. Angeweza hata kulinganisha fomu na kadi kimyakimya, bila kumtajia mtu neno. Baadaye alikiri kwamba hata hilo la tatu lilimshinda: kupitisha macho tu kwenye karatasi ile aliona ni kama kumfunua mzee shuka. Mamia ya wanaume alikuwa amewatamkia maneno yale bila kupepesa. Kwa huyu mmoja ulimi ukawa mzito.

"Usijali," akamjibu mwenzake. "Tutasoma nyumbani."

Akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akampa mumewe. Mzee akamshika mkono, jambo ambalo si kawaida yake. "Mungu akulinde, mwanangu. Umenisitiri."

Jioni ile fundi bomba alimsomea baba yake, mlango umefungwa, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Mpira wakauelewa. Tarehe wakaiandika kwenye kalenda ya ukutani. Mwisho wa fomu palikuwa na mwandiko safi wa binti wa mafunzo: aendelee na dawa zake za nyumbani kama awali. Mzee akanyoosha mkono kwenye kabati akatoa kichupa chake cha sukari, ambacho alikuwa amekizoea miaka kumi na mmoja. "Hiki nakijua," akasema. "Hiki hakina haja ya kusomewa."

Alikimeza asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Chakula alikuwa anakula kidogo, kwa kuogopa kusumbua watu kwenda chooni. Siku ya tatu alilalamika kwamba jasho linamtoka na mikono inatetemeka, wakadhani ni udhaifu wa kulazwa. Siku ya nne, baada ya kidonge na chai ya rangi, alirudi kulala. Mama mkwe akasema aachwe apumzike, maskini, kalala vibaya wiki nzima. Saa nne na nusu alipomwendea na uji, alimkuta amelowa jasho, macho nusu wazi, anakoroma kama mtu aliyekabwa.

Sista Rudia alikuwa zamu. Alimwona mkwewe akiingizwa kwa machela mlango uleule aliotokea. Walipompima damu, kipimo kikasoma sukari ya chini kiasi kwamba walimpima tena wakidhani kimeharibika. Wakamtundikia dripu ya sukari. Hakuamka siku hiyo.

Mumewe alikuwa kwenye korido, mikono bado ina vumbi la saruji la kazini. "Alikuwa anaendelea vizuri," akarudia mara kadhaa. "Nilimpa kila kitu kama ilivyoandikwa."

"Ulimpa cha sukari?"

"Si imeandikwa aendelee? Nilifuata karatasi yako."

Sista Rudia alikwenda kwenye kabati la mafaili. Akaitoa kadi ya wiki iliyopita, akaiweka juu ya meza, na kando yake akaweka nakala ya waridi ya fomu, ile inayobaki hospitalini. Akaweka kidole kimoja hapa na kingine pale. Mstari ulikuwa wazi, wino mweusi, tarehe, saini. Mtu asiyejua kusoma angeuona.

Daktari wa mafunzo alipoletwa alianza kulia kabla hajaambiwa neno. "Niliandika kutoka kwenye faili. Nilikuwa na fomu tisa. Sikujua." Alikuwa anasema kweli. Mkuu wa wodi alimpeleka akakae, kisha akafunga mlango, wakabaki yeye na Sista Rudia.

"Sikiliza, dada. Kosa la fomu ni la daktari. Sheria ya kusoma ni yako mwenyewe, haimo kwenye mwongozo. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hukusoma."

"Nitajiuliza mimi."

"Jiulize nyumbani. Hapa kazini kaa kimya. Umebakiza miaka tisa ustaafu."

Mama Pacha naye, kwa huruma ya kweli, alimnong'oneza kwamba nakala ya waridi ina nafasi chini ya saini, na kalamu ya wino mweusi ipo. Mstari mmoja tu, "kidonge cha sukari kimesimamishwa," na ingeonekana familia ndiyo iliyokosea kusoma. Huruma ya namna hiyo nimeiona mara nyingi kwenye ofisi zetu. Inamfunika mmoja kwa shuka la mwingine, na hapa shuka lenyewe lingevuliwa kutoka kwa mume wake.

Sista Rudia akaomba karatasi. Akaandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu: kwamba fomu ilikuwa na kosa, kwamba kadi ilikuwa sahihi na ilikuwepo kitandani, kwamba kwa kawaida yeye hulinganisha na kusoma, kwamba safari hii hakulinganisha wala kusoma, kwamba mwenzake alijitolea kumsaidia na yeye akakataa, na kwamba sababu ilikuwa ni aibu. Mkuu wa wodi alimwomba afute neno hilo la mwisho na aweke "msongamano wa kazi". Hakulifuta.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi kuliko kazini. Alimkalisha mumewe na mama mkwe chumba cha mbele, akawaambia yote kwa mpangilio. Mumewe alisimama, akaenda uani, wakasikia akifungua bomba na kulifunga, akilifungua na kulifunga.

Mama mkwe ndiye aliyesema. "Kwa hiyo mlikuwa mnaoneana haya."

"Ndiyo, mama."

"Wewe na yeye."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimemfulia huyo mtu miaka arobaini na mitatu. Nimemwogesha wiki nzima na huo mpira. Nilikuwa nimesimama pale pale. Kwa nini hukunipa mimi nikasoma kwa sauti? Ningesoma mpaka mtaa wa pili wasikie!" Kisha akavuta pumzi. "Na yeye naye. Miezi minne ananificha mimi, mkewe. Mlifanana, nyinyi wawili. Ndiyo maana alikupenda."

Mama mkwe akainuka kwenda kupika uji, na mkwewe akamfuata jikoni, akashika mwiko bila kuambiwa. Hakufukuzwa kwenye ua ule, wala mlango wa pili haukufungwa. Mumewe alikaa mwezi mzima akimjibu ndiyo na hapana tu, halafu siku moja akamwuliza kama atakula, na maisha yakaendelea kwa mwendo wa kuchechemea.

Hospitali ilimpa Sista Rudia barua ya onyo, akahamishiwa chumba cha sindano cha wagonjwa wa nje, ambako hakuna fomu za kuruhusiwa. Daktari wa mafunzo alipewa onyo la mdomo. Ukatolewa waraka unaotaka kadi ya dawa ipelekwe ofisini pamoja na faili kabla fomu haijajazwa. Ni waraka mzuri, na ungeweza kutolewa miaka mingi nyuma, kutoka kwenye ile droo.

Simlaumu kwa kuona haya. Mtu asiyemwonea haya mkwewe ana kasoro nyingine. Lakini alijua, kuliko mtu yeyote katika jengo lile, kwamba karatasi isiyosomwa ni hatari, na aliwakemea madereva wa lori na wazee viziwi kwa miaka kumi na saba kwa sababu ya ujuzi huo. Ujuzi wa namna hiyo ni deni kwa kila mgonjwa, na mgonjwa akiwa wako, deni halipungui.

Fundi cherehani aliamka siku ya tatu. Aliweza kula akilishwa, na baadaye kutembea akishikwa. Akili haikurudi. Alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake mwenyewe mzee, aliyekufa zamani, na mkewe alimwita "mama" kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji. Aliishi hivyo miezi kumi na minne. Siku aliyotoka wodini alikuwa na akili zake timamu. Alimeza vidonge vinne ambavyo daktari alikuwa amevikataza, na tangu hapo hakumtambua mtu yeyote wa nyumba yake mpaka alipozikwa.